Kuzunguka mlango wa Mto Tegeta, Kunduchi, kwa miguu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa nikiwatembeza ndugu, marafiki na marafiki wa marafiki kwenye mzunguko huu wa Kunduchi kwa miaka kadhaa sasa. Maswali ni yaleyale, nayo huja Ijumaa usiku wakati mtu ameshajifunika shuka. Nimeyakusanya hapa ili nilale.

Ni matembezi gani hasa?

Ni mzunguko mfupi unaoanzia na kuishia Kunduchi Pwani, kile kijiji cha wavuvi kilichomezwa na jiji la Dar es Salaam lakini kikakataa kuwa mtaa. Kiutawala ni Kata ya Kunduchi, Manispaa ya Kinondoni. Unapita kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, unafuata ukingo wa hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ambamo Mto Tegeta unaingia baharini (wengine huliita hori la Manyema), unapita kando ya mikoko hadi mdomo wa hori, kisha unarudi kijijini kwa njia ya ufukweni. Hatuvuki mkondo hata mara moja. Mtu akikwambia kuna njia ya mkato ya kuvukia upande wa pili, mshukuru na uendelee na njia yako.

Yanachukua muda gani? Ni magumu?

Saa mbili na nusu kwa mwendo wa kupiga soga. Hakuna mlima wala ngazi, ni tambarare tupu. Kinachochosha ni mchanga laini, na jua ukichelewa kutoka. Mama yangu mdogo mwenye miaka sitini na kitu ameyamaliza akiwa na kanga mbili na mwavuli, akatuacha nyuma sisi tuliovaa raba za mazoezi.

Nianze saa ngapi?

Hili ndilo swali lenyewe, na wengi hulijibu kwa kutazama saa ya ukutani. Saa ya matembezi haya ni maji. Maji yakiwa yamejaa, ufukwe wa kurudia haupo. Bahari inakuwa imefika kwenye kuta na mizizi ya mivinje, nawe utarudi ulikotoka au utapita kwenye nyua za watu ukiomba radhi.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya pwani ya Dar es Salaam hujaa pomoni kwenye saa 10, alfajiri na alasiri, na hukupwa kabisa kwenye saa 4, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Mahali ulipoona mashua inaelea asubuhi na mapema, saa 4 utawakuta watoto wanacheza mpira.

Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka. Saa 4 asubuhi ndipo maji yamejaa, na yakikupwa hayaendi mbali, kwa kuwa tofauti inakuwa kama mita moja tu.

Kwa hiyo fanya hivi: chagua Jumamosi au Jumapili iliyo karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, uwe kwenye magofu saa 2 asubuhi. Maji yatakuwa yanaondoka tangu alfajiri. Utafika mdomo wa hori yakiwa chini, na utarudi kwa ufukwe mpana, mgumu, usiozamisha mguu. Kabla jua halijawa kali uko mezani na sahani ya samaki.

Sina jedwali la maji. Nitajuaje?

Programu za simu zipo, na nyingi hutoa maji ya bandari ya Dar es Salaam. Yanatosha. Lakini hata bila simu, ukijua tarehe ya mwezi unajua maji. Waliozoea kuhesabu miezi ya Kiislamu wanayo kalenda ya bahari kichwani bila kujua. Tarehe 1 na tarehe 15 ni bamvua, tarehe 8 na 22 au hapo karibu ni maji mafu.

Kuna babu mmoja anayeshona nyavu chini ya mti pale pwani. Mara ya kwanza nilipofika na wageni watano nilimwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Mnakwenda wapi?" Nikamweleza, nikamwonyesha na saa ya mkononi kwamba tuna muda mwingi mpaka saa 6. Akaitazama ile saa kwa makini kama mtu anayekagua samaki. "Na hii imepimwa kwa maji ya wapi?" Nilicheka, nikaenda zangu. Ilikuwa siku ya maji mafu. Tulirudi tumelowa mpaka kiunoni, viatu mikononi, tukampitia palepale alipokuwa. Hakusema neno, akaendelea kushona.

Kwa nini uanzie magofuni? Ufukwe si ndio mzuri zaidi?

Ndiyo maana unawekwa mwisho. Ukianzia ufukweni saa 2 asubuhi maji bado hayajatoka vizuri, unatembea kwenye ukanda mwembamba wa mchanga laini, na ukifika upande wa mikoko jua limeshapanda, mbu hawajalala na upepo hauingii. Anza ndani, tokea nje. Tena ufukwe una upepo, na mtu aliyechoka anahitaji upepo.

Na nikichelewa, maji yakanikuta njiani?

Usishindane nayo. Maji yanapoanza kuingia kwenye hori huwa kama yanasitasita, halafu ghafla yamejaza vijito vyote vya pembeni, na ile sehemu ya tope uliyoiruka kwa hatua moja inakuwa mto mdogo. Rudi kwa njia uliyojia ya nchi kavu. Kama uko ufukweni, panda juu kwenye kijiji au kwenye barabara ya hoteli, piga hodi, omba kupita. Sijawahi kuona mtu wa Kunduchi akamfungia mlango aliyelowa.

Nafikaje?

Panda daladala yoyote ya Tegeta au Bunju kutoka Mwenge au Makumbusho, teremka Mtongani. Mwambie konda mapema, kwa sababu ukisubiri mpaka ukione kituo umeshafika Tegeta. Kutoka barabara kuu ya Bagamoyo chukua bajaji au bodaboda mpaka Kunduchi Pwani, mkielewana bei kabla hujapanda. Wenye gari wasiingize gari mpaka ndani ya soko la samaki. Njia ni finyu, na kugeuza kati ya ndoo za dagaa ni mtihani.

Kuna usalama?

Nitasema kweli. Wageni wamewahi kuporwa maeneo ya magofuni na kwenye vipande vya njia vilivyojificha, na hata wageni wa hoteli hushauriwa wasiende peke yao. Mimi siendi peke yangu, na simpeleki mtu bila kumchukua kijana wa palepale atutangulie. Ukifika, nenda kwanza ofisi ya serikali ya mtaa au kwa wazee wa pwani, jitambulishe, eleza unakokwenda, omba mtu wa kukuongoza. Mpe chochote cha kueleweka, na mkubaliane kabla.

Faida yake si ulinzi tu. Ukiwa na mtu anayejulikana, kila unayempita anamwamkia yeye, na salamu hiyo inakufunika na wewe. Simu iwe mfukoni, si mkononi. Mkufu wa dhahabu uache nyumbani, hakuna harusi.

Magofu yenyewe yana nini?

Yana msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, ambao wanahistoria huuweka kwenye karne ya 15 au ya 16, na uwanja wa makaburi mengi, baadhi ya karne ya 18 na 19, chini ya mibuyu. Kinachosimamisha watu ni makaburi ya nguzo: kaburi lenye mnara wa jiwe kichwani kwake, na mnara huo umechimbwa vishimo vya duara. Ndani ya vishimo hivyo zilipachikwa sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina. Nyingi zimeshang'olewa, zimebaki alama za duara kama macho yaliyofumbwa, na vipande vichache bado vimeshikamana na chokaa.

Fikiria kidogo maana yake. Bakuli limetengenezwa Uchina, likapita bandari baada ya bandari za Bahari ya Hindi, likafika kwenye kijiji hiki cha wavuvi, na wenyewe hawakulia chakula wala kuliweka kabatini. Walilipachika kwenye kaburi la mpendwa wao. Makaburi ya namna hii yako mwambao mzima wa Waswahili, kutoka pwani ya Kenya mpaka Kaole hapo jirani Bagamoyo. Ya Kunduchi yana bahati mbaya ya kuwa karibu sana na jiji, kwa hiyo watu huyapita kila siku wakienda kuogelea.

Angalia pia maandishi ya Kiarabu kwenye baadhi ya mawe, na ukuta wa kibla wa msikiti. Vyumba havina paa, popo hawana kazi.

Naweza kuchukua kipande kidogo cha kaure kama kumbukumbu? Kiko chini tu, hakina mwenyewe.

Kina mwenyewe. Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Na hapo ni makaburini, ndugu yangu.

Kuna adabu gani za kufuata pale?

Usikalie kaburi, usipande nguzo, usile wala kunywa ndani ya msikiti hata kama hauna paa. Ukikuta mtu anaomba dua, pita mbali na usimpige picha. Kama kuna mhusika wa Mambo ya Kale, mwone kwanza, ulipe kiingilio kinachotakiwa na udai risiti.

Mikoko si yote ileile tu?

Nilidhani hivyo mpaka mama mmoja anayeokota tondo, wale konokono wa mikokoni, aliponionyesha. Sasa siwezi kupita bila kuitaja, na wanaotembea nami wamezoea.

Ule wenye mizizi mirefu iliyojipinda hewani kama miguu ya kaa ndio mkoko wenyewe, uliowapa wenzake wote jina. Huota kwenye tope linalofunikwa na maji kila siku. Tazama matawi yake. Mbegu yake haianguki ikiwa mbegu, huchipua ikiwa bado mtini, ikarefuka kama mkuki wa kijani, kisha ikadondoka kwa ncha na kujichomeka topeni. Maji yakiwepo inaelea, ikaenda kujaribu bahati kwingine.

Mchu hutautambua kwa juu bali kwa chini: tope lililouzunguka limejaa vijiti vinavyochomoza wima kama penseli, mamia kwa mamia. Hiyo ni mizizi ya kupumulia, kwa sababu tope la hori halina hewa. (Harufu ile ya mayai viza ni ya tope lenyewe, usimshuku mwenzako.) Chukua jani la mchu, ligeuze, liguse kwa ulimi. Lina chumvi. Mti unafyonza maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Watoto wanapenda sehemu hii kuliko yote, na wakubwa hujifanya wanajaribu kwa ajili ya watoto.

Mlilana unapenda mbele kabisa, unakopigwa na bahari. Nyuma kidogo kuna msinzi na mkandaa, ambao gome lake lilitumika tangu zamani kutia rangi na kulainishia ngozi. Mkomafi una matunda ya mviringo makubwa kama mpira wa watoto, na mbao zake mafundi wa mashua wanazithamini. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni, na nyumba za mawe za Unguja zimebebwa na boriti hizohizo. Upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti.

Kukata mkoko sasa kunahitaji kibali, kwa kuwa misitu ya mikoko ya nchi hii ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Utaviona visiki hata hivyo.

Nitaona wanyama gani?

Ukitaka simba, Mikumi ipo. Hapa utaona kaa wadogo ambao dume ana gando moja kubwa kuliko mwili wake, analipunga kama anaita teksi. Anaita mke. Utaona samaki mdogo mwenye macho juu ya kichwa anayetembea topeni kwa mapezi yake na kuruka ukimsogelea. Kaa koko, yule mkubwa anayeuzwa hotelini, yuko shimoni na hatoki kwa ajili yako. Tondo wamejaa kwenye mizizi.

Ndege ndio utajiri. Yangeyange weupe, korongo, mdiria, membe kwenye mdomo wa hori. Kati ya Oktoba na Aprili huongezeka ndege wa pwani wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Ni wadogo, rangi ya mchanga, wanakimbia mbele ya wimbi kama watu waliosahau kitu. Ili uwaone wakila, maji yawe yamekupwa na tope liko wazi. Unaona jinsi kila kitu kinavyorudi kwenye maji.

Vile vibwawa vilivyopangwa kama mashamba ya mpunga ni nini?

Mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye vibwawa vya kina kifupi wakati wa bamvua, yanafungiwa, jua na upepo vinayakausha, yanahamishwa kibwawa hadi kibwawa yakizidi kuwa makali, hadi chumvi inaganda chini na kukokotwa kwa reki. Masika yakifika kazi inasimama, maana mvua ya siku moja inaharibu jasho la wiki. Usitembee juu ya kingo zake. Ni za udongo, zinabomoka, na ni kazi ya mtu.

Kwa nini ufukwe umeliwa namna hii? Zamani haukuwa hivi.

Kweli haukuwa hivi. Kituo cha daladala cha Africana kimerithi jina la hoteli ya ufukweni iliyoachwa baada ya bahari kuila ardhi yake, na vijana wengi wanaopanda gari pale hawajui kwamba jina hilo lilikuwa la jengo.

Ufukwe si kitu kilichotulia, ni mchanga ulio safarini. Mawimbi yanauchukua, mito inaurudisha. Mto Tegeta na Mto Mbezi, ile inayoonekana kama mifereji mikavu ukipita darajani, ndiyo iliyokuwa ikileta mchanga mpya kila masika. Jiji likaanza kujenga, malori yakaingia mitoni kuchimba mchanga wa matofali. Mchanga ulio kwenye ukuta wa nyumba yako Salasala haukufika baharini. Ongeza kuvunjwa kwa matumbawe, kwa baruti na kwa kuchomwa chokaa, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakipunguza nguvu za wimbi kabla halijafika. Watu wamejenga kuta na matuta ya mawe kujikinga, na kila ukuta unamlinda aliyeujenga na kumhamishia jirani balaa.

Kwenye mdomo wa hori utaona ulimi wa mchanga. Kila baada ya masika haukai pale ulipokuwa. Usishangae picha za mwaka jana zisipofanana na unachokiona.

Naweza kuoga mtoni au kwenye hori?

Hapana. Mto umepita katikati ya makazi ya watu wengi kabla ya kufika hapo, na baada ya mvua unabeba kila kitu. Kwenye mdomo wa hori, maji yanapotoka mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana. Oga baharini ufukweni, mbele ya watu, na umwulize mvuvi kwanza.

Nivae nini, nibebe nini?

Viatu vinavyofunga mguu na usivyovionea huruma. Ndala zinabaki kwenye tope, mguu unatoka peke yake. Maganda ya chaza kwenye mizizi yanakata kama wembe. Kofia, maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani, na dawa ya mbu ya kupaka hata mchana, kwa kuwa mbu wa dengi anauma mchana na jiji hili limeshapata milipuko yake, 2014 na tena 2019. Mfuko wa samaki uwe kikapu au wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na mchuuzi hatakupa.

Kuhusu mavazi ya heshima: unapita katikati ya kijiji cha Waislamu, mbele ya msikiti na nyumba za watu. Bukta ya kuogelea ivae ukifika ufukwe wa hoteli. Mwanamke akiwa na kanga begani hana tatizo popote.

Naruhusiwa kupiga picha?

Mikoko, ndege, bahari, piga mpaka simu ijae. Watu, omba. Wavuvi wengi hawapendi kupigwa picha wakiwa kazini, na wana sababu zao: wamechoka, hawajavaa shati, na wameshaona picha zao zikizunguka mitandaoni na maneno ya ajabu. Salamu kwanza, mazungumzo kidogo, kisha uulize. Akisema hapana, ni hapana. Droni inahitaji kibali cha mamlaka, iache.

Watoto? Wazee? Kiti cha magurudumu?

Watoto kuanzia miaka sita hivi wanaweza, wakishikwa mkono kwenye mdomo wa hori. Wazee wanaotembea sokoni wataweza. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye mchanga wala topeni, nami sitamdanganya mtu. Mwenye kiti anaweza kufika kijijini kwa gari na kukaa kwenye kivuli akitazama mashua zikiingia, na kwa maoni yangu hiyo ni nusu nzuri ya safari.

Miezi gani ni mizuri?

Juni mpaka Septemba. Kusi inavuma, hewa ina ubaridi, njia ni kavu. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, bahari ni shwari na maji ni maangavu, lakini joto halina huruma, kwa hiyo toka mapema zaidi. Masika, Machi hadi Mei, usijaribu. Njia ya hori inageuka uji.

Nataka kununua samaki. Nifanye nini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi huja kwa matembezi na huondoka na malalamiko ya bei.

Kwanza, ujue nini kinatoka lini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, taa inawavuta. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi, na boti nyingi za dagaa hupumzika. Kwa hiyo ukichagua bamvua ya mwezi mpevu utapata matembezi mazuri na dagaa wachache. Bamvua ya mwezi mwandamo inakupa vyote viwili. Mimi ndiyo ninayoichagua.

Pili, mnada. Samaki wakishushwa wanakwenda kwa dalali, wanapangwa chini, bei inapanda kwa sauti, na kila kitu kinakwisha kabla hujaelewa nani kasema nini. Wanaonunua pale ni wachuuzi na kina mama wa kukaanga, wanaolisha familia kwa tofauti ya bei ndogo. Ukiingia ukapandisha bei kwa ajili ya kibua wanne wa nyumbani, umeharibu asubuhi ya watu. Subiri mnada upite, kisha nunua kwa fungu kutoka kwa mama aliyenunua. Ataongeza kidogo, nawe utapata mtu wa kurudi kwake.

Tatu, tazama samaki mwenyewe. Macho maangavu yaliyotokeza, mashavu mekundu ndani, nyama ikibonyezwa inarudi. Samaki mwenye nyama iliyolegea kama uji na mifupa iliyovunjika ndani ilhali macho bado mazima, mwache, huyo huenda kauawa kwa baruti. Changu akiwepo mchukue. Pweza mwombe muuzaji akupigie, yeye anajua. Vijana wa kupaa magamba wako pembeni, wanafanya kwa dakika mbili kazi ambayo jikoni kwako ingechukua nusu saa na kuacha magamba kwenye pazia.

Naweza kuja na mbwa wangu?

Tafadhali usije naye.

Nikimaliza mapema, naweza kwenda kisiwa cha Mbudya siku hiyohiyo?

Unaweza. Boti hutoka kwenye fukwe za hoteli za jirani. Mbudya, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna ada ya kuingia mbali na nauli ya boti. Ila ukienda, utakuwa kule maji yanapojaa alasiri, na kurudi kuna mawimbi. Wenye kichefuchefu wale baadaye.

Choo?

Malizia nyumbani au hotelini kabla ya kuanza. Njiani hakuna, na mikoko si choo. Ukizidiwa ukiwa kijijini, nenda kwa mama lishe, agiza chai na chapati, kisha uulize kwa sauti ya chini. Ukitanguliza swali bila chai utaonyeshwa upande wa Tegeta.

Na chakula?

Kwa mama lishe huyohuyo. Kibua wa kukaanga, ugali au wali, kachumbari yenye pilipili, ndimu pembeni. Kaa kwenye benchi linalotazama maji. Saa 5 hivi yataanza kurudi, mashua zilizolala ubavu zitaanza kujiinua moja moja, na yule babu atakuwa ameshahamisha nyavu zake hatua kumi juu bila kutazama saa ya mtu.